Nili Ikigoma: Kusoma Dalili za Pipa, Kitambaa na Fundo

Mwanafunzi wa shibori, ufundi wa Kijapani wa kufunga, kukunja au kushona kitambaa ili sehemu zilizobanwa zisishike rangi, akifungua kitambaa na kukuta mchoro umefifia, cha kwanza kulaumu ni fundo. Mara nyingi fundo halina kosa. Kasoro nyingi zinazoitwa "kufunga vibaya" zimeanzia kwenye pipa la rangi, au kwenye kitambaa ambacho hakikusafishwa kabla ya kushonwa na kufungwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na pipa, unapita kwenye kitambaa, na kufika kwenye uzi na vibanio mwishoni. Ukitafuta chanzo cha tatizo, fuata njia hiyo hiyo, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Ukiongeza chokaa, sukari na joto kwa mkupuo, pipa linaweza kupona, lakini hutajua lilikuwa linaumwa nini.

Nili, ile rangi ya buluu ya kutia vitambaa, haiyeyuki majini. Koroga unga wake kutwa nzima, utabaki kuwa unga. Ili iingie kwenye uzi wa kitambaa ni lazima inyang'anywe oksijeni ndani ya maji yenye alkali. Hapo huyeyuka na kugeuka rangi, ikawa ya manjano yenye ukijani. Kitambaa kikitolewa hewani, oksijeni inarudi, nili inakuwa buluu na kuacha kuyeyuka, ikiwa imeshanaswa ndani ya uzi. Hapa tutasema pipa "limeiva" pale nili yake ilipokwisha kuyeyuka, na "bichi" pale ambapo bado ni unga unaoelea.

Vipimo vya kuanzia ni vya pipa la fruktosi (sukari ya matunda) kwa uwiano wa 1-2-3 ulioenezwa na Michel Garcia wa Ufaransa: sehemu 1 ya nili, 2 za chokaa iliyozimwa, 3 za fruktosi. Kwa lita 20 za maji, gramu 100 za nili, 200 za chokaa na 300 za fruktosi hutoa buluu ya kati inayokolea vizuri kwa machovyo kadhaa. Vaa glavu na miwani, funika pua unapopima unga, na siku zote tia chokaa kwenye maji, si maji kwenye chokaa.

Kwanza, jaribio la ukanda

Kata vipande vya pamba nyeupe iliyokwisha kuchemshwa na sabuni, upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja. Viweke tayari karibu na pipa, maana utavihitaji kila siku. Loweka kimoja, kikamue, kishikilie katikati ya kina cha pipa kwa dakika 1 bila kugusa mashapo yaliyo chini. Kitoe polepole na usiondoe macho.

Kwenye pipa lililoiva, ukanda unatoka wa manjano-kijani, unang'aa kama jani changa. Ndani ya sekunde chache kingo zake zinaanza kugeuka, kijani kinakolea kuelekea katikati, na alama za vidole vyako zinabaki za manjano kwa kitambo kwa sababu hewa haijazifikia. Baada ya dakika 2 hadi 5 ukanda wote ni buluu. Uoshe kwa maji ya bomba: maji yanachafuka kidogo mwanzoni, kisha yanakuwa safi na buluu inabaki.

Ukitoka tayari ukiwa wa buluu, pipa ni bichi. Umebeba unga, na ukiuosha utaondoka. Ukitoka wa manjano safi kisha ukaishia samawati hafifu, pipa limeiva ila nili imepungua, au alkali imezidi. Ukitoka wa kijani chenye vumbi la buluu juu yake, limeiva nusu, au umekoroga mashapo.

Teka pia glasi moja kutoka katikati ya pipa, taratibu, bila kububujisha. Pipa la fruktosi lililoiva lina maji angavu ya rangi ya asali au kahawia nyekundu, na juu yake utando unaong'aa kama shaba. Iga hapa macho ya fundi: kabla hajagusa kitambaa anausogeza utando huo kwa kidole na kutazama maji ya chini yake, kisha anatazama unajifunga upya kwa kasi gani. Ukijifunga haraka, pipa lina nguvu.

Maji ni ya buluu, mazito, huoni ndani

Kagua joto kwanza. Fruktosi ni mvivu kwenye baridi. Pipa lililo chini ya nyuzi 25 za Selsiasi linaweza kukaa siku 2 bila kubadilika, ilhali likiwa kwenye nyuzi 50 utando wa shaba huanza kuonekana ndani ya saa moja. Usiweke ndoo ya plastiki juu ya moto. Isimamishe ndani ya karai la maji ya moto, au teka lita 3 au 4, zipashe kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, uzirudishe ukizimimina kwenye ukingo wa ndani wa pipa. Sufuria ya alumini haifai kabisa: alkali inaila na kutoa gesi ya haidrojeni.

Kama joto linatosha, pima pH, yaani kiwango cha alkali, kwa karatasi za kupimia zinazofika 14. Pipa jipya husoma karibu 12. Likiwa chini ya 10, fruktosi haiwezi kunyang'anya oksijeni hata ukiiongeza mara tatu, kwa hiyo anza na chokaa: gramu 1 kwa kila lita, koroga, subiri saa 2, jaribu ukanda. Likiwa juu ya 11 na bado ni la buluu, tatizo ni sukari: ongeza fruktosi gramu 2 kwa lita na usubiri vivyo hivyo.

Kama hata hilo halisaidii, shuku vitu vyenyewe. Sukari nyeupe ya mezani haifanyi kazi hii. Kimaumbile haina uwezo wa kunyang'anya oksijeni namna fruktosi inavyofanya. Asali inafaa, na maji ya matunda yaliyoiva sana yaliyochemshwa na kuchujwa yanafaa. Chokaa nayo ina mitego miwili. Chokaa ya kilimo mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu, na haitapandisha pH hadi unapotaka. Chokaa iliyozimwa iliyokaa kwenye mfuko uliofunguka hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa kama mawe hayo. Ili kujua, tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, pima. Nzuri itasoma zaidi ya 12. Isipofika huko, itupe.

Kisha hewa. Wanaoanza hukoroga pipa kama wanaopiga mayai. Mti wa kukorogea ushuke hadi chini, uzunguke kwa upande mmoja, maji yajenge duara kubwa, halafu urudishe mzunguko nyuma mara moja ili duara livunjike na povu likusanyike katikati. Povu hilo la buluu-zambarau ndilo Wajapani wanaloliita ua la nili, na ukiliona limesimama katikati ya pipa dakika kadhaa baada ya kukoroga, pipa liko hai. Baada ya kukoroga acha litulie saa 1 au zaidi kabla ya kuchovya.

Sababu moja ambayo watu huisahau ni nili yenyewe kutoloweka. Unga mkavu ukimwagwa juu ya maji hujifunga mabonge yenye moyo mkavu. Utie kwenye chupa yenye mdomo mpana pamoja na maji ya uvuguvugu na kokoto safi 8 au 10, funga, tikisa dakika 5 hadi uwe uji laini. Ndipo uingie pipani.

Pipa limeiva lakini kitambaa hakikolei

Ukanda unatoka wa manjano mzuri, maji ni angavu, na bado machovyo 4 yanakupa samawati ya kuosheka. Hapa wanafunzi wengi huongeza muda wa kuchovya: nusu saa, saa nzima. Haisaidii. Kama pH ni 12, nili imeyeyuka mno hadi inapenda kubaki majini kuliko kushika pamba. Pamba hushika vizuri pH ikiwa karibu 11. Dawa yake ni subira: pipa la fruktosi likiachwa siku 1 au 2, sukari inavyovunjika hutoa asidi na pH hushuka yenyewe. Kwa hariri na sufu shuka zaidi, kati ya 9 na 10, kwa sababu alkali kali hula nyuzi za wanyama. Sufu iliyokaa kwenye pH 12 hutoka ikiwa inateleza mkononi, na uharibifu huo hauponi.

Kama pH ni sawa, nili imekwisha. Ishara zake: maji yanazidi kuwa meupe-manjano siku hadi siku, na utando wa shaba ukiusogeza haurudi. Lowesha nili mpya, gramu 2 kwa lita, uitie pamoja na fruktosi gramu 4 hadi 6 kwa lita, na chokaa kidogo kama pH imeshuka. Au liache hivyo hivyo kwa kazi za samawati; pipa dhaifu hutoa buluu nyepesi iliyo tulivu na imara kuliko ile inayopatikana kwa kuchovya sekunde 20 kwenye pipa kali.

Jambo jingine dogo: usihukumu rangi ikiwa majimaji. Kitambaa kibichi huonekana cheusi zaidi kuliko kitakavyokuwa kikikauka. Lenga kiwango kilichozidi kile unachotaka kwa chovyo moja au mbili.

Buluu imepauka kama iliyomwagiwa majivu

Hiyo ni chokaa iliyokaa juu ya uzi. Ipo ya aina mbili. Ikiwa imetapakaa kitambaa kizima, suuza, kisha loweka dakika 15 kwenye maji yenye siki, mililita 15 kwa kila lita, halafu suuza tena. Buluu itafunguka mbele ya macho yako. Ikiwa ni mabaka, kitambaa kilifika chini kikagusa mashapo. Tundika kapu au wavu ndani ya pipa, sentimita 10 hadi 15 juu ya mashapo, na usichovye pipa lililokorogwa muda si mrefu.

Ndoo ya siki ikae mbali. Glavu zilizotoka kwenye siki zikirudi pipani mara kwa mara huvunja alkali kidogo kidogo, na baada ya wiki utashangaa kwa nini pH haitulii.

Rangi inahamia mkononi na kwenye nguo nyingine

Sugua kitambaa kikavu kwa kitambaa cheupe kikavu. Buluu kidogo sana ni kawaida, hasa kwenye buluu nzito, kwa kuwa nili haifungamani na pamba kwa kemia. Imekaa ndani yake tu. Buluu nyingi ina maana unga umekaa juu juu, na sababu karibu daima ni pipa bichi lililotumiwa kwa haraka.

Sababu ya pili ni kutafuta rangi nzito kwa machovyo machache marefu. Tabaka nyembamba nyingi hushika kuliko moja nene. Chovya dakika 5 hadi 10, toa, acha hewani dakika 15 au zaidi hadi kusiwe na kijani hata ndani ya mikunjo, kisha rudi. Kwa buluu ya wastani utahitaji machovyo 4 hadi 6. Kwa ile inayokaribia weusi, 10 au zaidi, na ni vyema kitambaa kikauke kabisa walau mara moja katikati ya kazi. Kikirudi pipani kikiwa bado kijani, tabaka la awali linarudi majini na unakuwa umepoteza ulichokwisha kukipata. Kikikaa pipani muda mrefu mno, nalo huyeyuka upya: ndiyo maana kuna siku chovyo la 7 hutoka jepesi kuliko la 6.

Baada ya chovyo la mwisho acha kitambaa hewani usiku kucha. Suuza kwa maji matupu, loweka kwenye siki kama ilivyoelezwa, suuza, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni isiyo kali. Pamba na kitani vinaweza kuchemka taratibu dakika 10. Hariri na sufu zioshwe kwa maji ya uvuguvugu tu, bila kuzishtua kwa kubadilisha joto ghafla. Rudia hadi maji yawe safi. Usiogope buluu inayoondoka kwenye maji hayo, ilikuwa haijashika.

Madoa, michirizi na mabaka

Hapa kitambaa kinazungumza, na kila alama ina sauti yake.

Mabaka mepesi yenye kingo laini, yasiyofuata mkunjo wowote, ni mafuta, nta au wanga wa kiwandani. Nili haihitaji kitambaa kutiwa shabu wala dawa nyingine ya kushikisha, lakini inahitaji kitambaa kilicho wazi. Chemsha pamba saa 1 hadi 2 kwenye maji yenye soda ya kufulia, gramu 5 kwa lita, na sabuni kidogo. Maji yatakuwa ya manjano au kahawia hata kama kitambaa kilionekana cheupe pe. Suuza, kausha, kisha dondoshea tone la maji: likinywewa papo hapo, kitambaa kiko tayari; likikaa kama shanga juu yake, chemsha tena. Fanya hivyo kabla ya kushona wala kufunga, kwa kuwa baada ya hapo umechelewa.

Nukta ndogo za buluu nzito ni matone. Kitambaa kilitolewa kikidondosha, au kilipita kwenye povu. Kusanya povu pembeni kwa kijiko ulitie kwenye bakuli kabla ya kuchovya, na ulirudishe ukimaliza. Kitoe kitambaa polepole kwenye ukingo wa pipa, ukikikamua kikiwa kimegusana na maji ili matone yasianguke kutoka juu, kisha kitumbukize mara moja kwenye ndoo ya maji safi na kukigeuzageuza. Maji hayo yana oksijeni ya kutosha kuanza kugeuza nili, na huondoa unga uliokaa juu. Hatua hii moja hurekebisha mabaka mengi kuliko mbinu nyingine yoyote.

Mstari ulionyooka unaokata kitambaa ni alama ya uso wa maji: kuna sehemu ilielea. Nukta nyeupe za mviringo ni viputo vya hewa. Zote mbili hutokana na kitambaa kuingia kikiwa kikavu au nusu kikavu. Loweka walau dakika 30, kamua hadi kiache kudondosha, kishushe pipani kwa pembe, na ukifungue kwa vidole chini ya maji.

Michirizi inayofuata namna kitambaa kilivyoning'inia hutokea kikitundikwa kabla ya kugeuka: nili hutiririka kwenda chini na kukusanyika kwenye pindo. Geuza kichwa chini, miguu juu, katika kila chovyo.

Shibori: mchoro haukutokea, au umefifia

Sasa tuje kwenye fundo. Majina ya mitindo tunayaacha kama yanavyotumika Arimatsu, karibu na Nagoya, ambako kazi hii imeendelea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1600.

Nyeupe yote imegeuka samawati, kingo hazina ukali. Uliza kwanza: mzigo, yaani kitambaa kilichokwisha kufungwa, uliingia mkavu? Mikunjo mikavu hunyonya dawa (maji ya nili) kama utambi wa taa, ikapita chini ya uzi. Mzigo uliolowekwa vizuri umeshajaza maji sehemu zilizobanwa, na dawa haina nafasi ya kupenya. Loweka ukiwa umeshafungwa, saa 1 kwa kitambaa chepesi, zaidi kwa kizito, ukiubonyeza hewa itoke. Pili, ulichovya muda mrefu? Dakika 5 mara 6 huweka kingo kali. Dakika 30 mara moja huzilainisha. Tatu, uliufungua lini? Ukifungua mzigo uliojaa dawa ya kijani, dawa hiyo itatiririka kwenye nyeupe na kugeukia hapo hapo. Acha ugeuke buluu, usuuze ungali umefungwa, kwa maji yanayopita, hadi yatoke safi. Fungua baadaye ndani ya maji mengi na uendelee kusuuza bila kuuacha utulie.

Nyeupe imekuwa ya manjano au ya hudhurungi. Nili ya asili ina vitu vingine zaidi ya buluu. Sabuni na maji ya moto huviondoa. Ikiwa ni madoa ya rangi ya kutu kwenye nyayo za vibanio, ni kutu kweli: vibanio vya chuma vilivyochubuka vikikutana na siki huachia doa lisilotoka. Ondoa vibanio kabla ya siki, au tumia vya plastiki ngumu.

Itajime (kukunja na kubana kwa mbao), tabaka za ndani zimebaki nyeupe tupu. Tazama ulivyokunja. Kitambaa kikikunjwa kwa kuviringisha, tabaka za ndani zinafichwa na za nje. Kikikunjwa kwenda na kurudi kama feni ya karatasi, kila mkunjo unaufikia ukingo na kupata dawa sawa na mwenzake. Piga pasi kila mkunjo, usizidishe tabaka, na kwa mara ya kwanza tumia pamba nyembamba. Ukiwa ndani ya pipa, fungua kingo kwa ncha za vidole, moja moja, kama anayepekua kurasa.

Dawa imepita chini ya ubao, mchoro una pengo katikati ya ukingo. Ubao mwembamba umepinda. Kibanio kimoja katikati hubana katikati na kuinua kingo, viwili pembeni huinua katikati. Tumia ubao mnene, mbao mbili zilizo sawa kabisa, na vibanio kwenye pande zinazokabiliana. Ubao mkavu usiopakwa chochote hunywa nili na kuitapika kwenye kitambaa kinachofuata. Uloweke maji kabla ya kazi.

Arashi (kuzungushia kitambaa na uzi kwenye bomba), upande mmoja una mistari mizuri na mwingine hauna kitu. Kitambaa kilizunguka bomba zaidi ya mara moja kikajifunika. Pima mzunguko wa bomba kabla ya kukata. Mistari ikiwa imelegea na kutawanyika, uzi haukuvutwa kwa nguvu ile ile, au kitambaa hakikusukumwa hadi mwisho. Zungusha uzi kwa nafasi ya milimita 5 hadi 10, na kila baada ya mizunguko 15 hivi sukuma kitambaa kuelekea mwisho wa bomba hadi kijikunje kabisa. Selotepu ya kushikilia mwisho wa uzi huachia kwenye maji ya uvuguvugu yenye alkali. Toboa tundu kwenye bomba ufunge uzi hapo. Bomba likiwa refu kuliko pipa, ligeuze kila chovyo kwa muda uliopimwa kwa saa.

Nui na mokume (kushona kisha kuvuta uzi), uzi umekatika wakati wa kuvuta. Shona kwa uzi imara wa poliesta uliokunjwa mara mbili. Piga bandi ya milimita 3 hadi 6, vuta kitambaa kikiwa na unyevu, uzi wote kidogo kidogo kwanza, kisha rudi uvute kila mmoja hadi kitambaa kisionekane katikati ya marinda. Hapo ndipo wengi husimama mapema. Kama bado unaweza kupenyeza ncha ya sindano kati ya marinda mawili, dawa nayo itapenya. Fundo likipita katikati ya kitambaa chenye ufumaji wa wazi, weka kipande kidogo cha kitambaa au kifungo chini yake. Mistari ya kuongozea ichore kwa kalamu uliyoijaribu kwanza kwenye ukanda. Wino wa kalamu nyingine hukaa milele ukikutana na alkali na joto.

Kanoko na kumo (kushika kitambaa na kukizungushia uzi), duara halikufunga. Mizunguko 2 au 3 ya kwanza, kwenye shina la kitambaa ulichokishika, ndiyo inayochora duara. Ndiyo ivutwe zaidi. Iliyobaki hadi nchani huchora utando wa ndani.

Mashimo. Yanatokana na mkasi. Inua fundo kwa sindano butu, kata fundo peke yake, kisha fungua uzi kwa mkono. Usikate mahali usipoona ncha mbili za uzi.

Pipa la kuchachusha

Fundi anayetumia sukumo, majani ya nili yaliyochachushwa kwa takriban siku 100 kama wafanyavyo Tokushima, analisha bakteria, na dalili zake ni tofauti. Pipa hili lina maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano, hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 30, na pH yake hulindwa kati ya 10 na 11. Ua likinywea na utando kupotea huku pH ikiwa nzuri, limechoka: koroga mara 1 kwa siku, lisichovywe siku 2 au 3, lipewe pumba kidogo zilizochemshwa. Likitoa harufu ya kuoza na pH imeshuka chini ya 10, bakteria wasiotakiwa wameanza kushinda; tia chokaa kijiko kimoja kimoja, ukipima kila baada ya saa kadhaa. Usilipandishe kwa pigo moja, wala usilitie maji ya moto. Bakteria waliokufa hawafufuliwi na chokaa.

Kitambaa kilichokwisha kuharibika

Doa jeusi haliondoki bila kuondoa buluu yote iliyolizunguka, kwa hiyo usilisugue. Njia iliyopo ni kwenda mbele. Kama mchoro umefifia lakini kitambaa ni chepesi cha rangi, kikaushe, ukifunge upya kwa mtindo mwingine kukingama na mchoro wa kwanza, na ukichovye mara 4 au 5 zaidi: samawati iliyokuwa kosa itakuwa rangi ya kati kati ya buluu nzito na kile kidogo kilichobaki cheupe. Kama ni mabaka ya mafuta, chemsha tena na soda, kausha, jaribu tone la maji, kisha chovya kitambaa kizima bila kukifunga hadi mabaka yafunikwe. Ukanda wa jaribio wa siku hiyo ushone kwenye pindo la kitambaa hicho, pamoja na kipande cha karatasi chenye tarehe, joto, pH na idadi ya machovyo, na uvipeleke kwa fundi vyote pamoja. Akikiona kitambaa peke yake atakisia. Akikiona pamoja na ukanda ataanzia kwenye pipa.